Msichana Anayeanza Kazi ya Gazeti

Kila mwaka wa mwisho wa masomo ukifika, wakubwa wetu hutuuliza twataka kuwa nani. Wengi hujibu daktari, injinia, mwanasheria au mwalimu. Anayejibu kwamba ataka kuandika katika gazeti huchekwa kidogo, na kama ni msichana huchekwa zaidi. Nadhani watu hucheka kwa sababu gazeti hulisoma lakini hawajui linavyotengenezwa, wala hawajui mtu huanzaje kazi hiyo. Daktari twajua kwamba husoma miaka mingi kisha hupewa hati. Mwalimu huenda chuo cha ualimu. Je, mleta habari huanzia wapi?

Nimeona vema nilijibu swali hilo katika sehemu hii ya Kiswahili, maana si mimi peke yangu ninayeulizwa. Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha nne katika shule ya wasichana, naye amekwisha azimia kuwa mwandishi wa habari. Aliniandikia barua nimweleze njia. Mimi sikuwa na la kumwambia ila kusoma kwanza, na likizo nzima nimesoma habari za watu walioifanya kazi hiyo zamani. Basi badala ya kutoa maneno matupu, nitamtumia mtu mmoja aliyeishi kweli awe mfano wetu. Mtu huyo ni Elizabeth Cochran wa Marekani, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Nellie Bly.

KAZI YENYEWE NI NINI

Mwandishi wa habari ni mtu anayekwenda mahali ambapo wewe msomaji huwezi kwenda, akatazama kwa niaba yako, akauliza kwa niaba yako, kisha akarudi kukueleza. Hana mali nyingine ila kuaminiwa. Mwenye duka akipoteza bidhaa atanunua nyingine. Mwandishi akipoteza imani ya wasomaji hakuna duka atakaloinunua.

Habari yoyote, kubwa au ndogo, sharti ijibu maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Tuseme daraja limevunjika. Mwanafunzi katika insha yake ataanza kwa kueleza jinsi asubuhi ilivyokuwa nzuri na ndege walivyoimba. Mwandishi wa gazeti hawezi kufanya hivyo. Yeye huanza kwa kusema daraja gani limevunjika, lini, na kama kuna mtu aliyekufa. Mambo madogo hufuata chini. Sababu zake ni mbili. Kwanza, msomaji ana haraka. Pili, nafasi katika ukurasa ikiwa haitoshi, mhariri hukata kuanzia chini, na kama jambo kubwa umelificha mwishoni, ndilo litakalokatwa. Hata wazee wetu walijua hivi. Mjumbe aletaye habari ya msiba haanzi kusimulia njia aliyopita. Husema kwanza ni nani aliyefariki na mazishi ni lini.

Tena yampasa kuuliza zaidi ya mtu mmoja. Mtu mmoja aweza kudanganya, au kusahau, au kusema kwa uchungu. Wawili au watatu wasiojuana wakisema neno moja, hapo pana nguvu. Na mtu anayelaumiwa sharti aulizwe naye ajibu kabla gazeti halijachapwa. Gazeti likimzulia mtu jambo baya, sheria humruhusu kulishtaki, na gazeti likishindwa hulipa. Ndipo tunapoona maana ya ile methali ya kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Hayo ndiyo mambo ya kujifunza. Sasa tutazame jinsi msichana mmoja alivyojifunza.

BINTI ASIYEMALIZA CHUO

Elizabeth alizaliwa tarehe 5 Mei 1864 katika jimbo la Pennsylvania, mahali palipoitwa Cochran's Mills, yaani vinu vya Cochran, kwa kuwa baba yake ndiye aliyekuwa mwenye vinu. Baba huyo alikuwa mtu mwenye uwezo na tena hakimu, lakini alifariki mwaka 1870 bila kuacha wosia. Elizabeth alikuwa na miaka sita. Mali iligawanywa, na mama na watoto wakabaki na kidogo. Mama akaolewa tena, na mume wa pili alikuwa mlevi na mkali. Ndoa hiyo ilipofika mahakamani ili ivunjwe, Elizabeth, akiwa msichana wa miaka kumi na minne tu, alisimama kutoa ushahidi juu ya mambo aliyoyaona nyumbani. Nawaomba wasomaji mkumbuke jambo hilo. Kabla hajashika kalamu alikuwa amekwisha jua maana ya kusema mbele ya watu wakubwa kile ambacho macho yako yameona.

Mwaka 1879 aliingia chuo cha ualimu. Baada ya muhula mmoja fedha za karo zikaisha, akatoka. Wenzangu, wangapi kati yetu tunawajua ndugu na dada waliotoka shuleni kwa sababu hiyo hiyo? Familia ikahamia upande wa mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma na moshi mwingi. Huko alimsaidia mama yake na kutafuta kazi kwa miaka kadha wa kadha. Kazi za wasichana wasio na hati zilikuwa chache, na mshahara wake ulikuwa mdogo.

BARUA ILIYOFUNGUA MLANGO

Mwezi wa Januari 1885 gazeti la Pittsburgh Dispatch lilichapa makala ya mwandishi wake mashuhuri, Erasmus Wilson, kuhusu kazi wanayofaa kufanya wasichana. Bwana Wilson alieleza kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani kwake, ashone, apike, alee watoto. Mwanamke anayekwenda kutafuta kazi kama mwanamume hakumpenda kabisa. Elizabeth alisoma akakasirika. Yeye hakuwa na baba wala mume wa kumlisha. Makala yale yalimwambia akae nyumbani, lakini hayakumwambia atakula nini.

Akaandika barua kwa mhariri, wala hakutia jina lake. Alijiita Msichana Yatima Mpweke. Barua hiyo haikuwa na sarufi nzuri wala nukta zilizowekwa mahali pake. Lakini mhariri, George Madden, aliona kwamba aliyeandika ana jambo la kusema. Kwa kuwa hakujua anakoishi, alitia tangazo dogo katika gazeti kumwomba mwenye barua ajitokeze. Elizabeth angeweza kujibu kwa barua nyingine. Hakufanya hivyo. Alikwenda mwenyewe hadi ofisini, akapanda ngazi, akajitambulisha.

Madden alimwambia aandike makala kuhusu maisha ya wanawake. Makala yake ya kwanza yalichapwa tarehe 25 Januari 1885, alipokuwa na umri wa miaka ishirini. Ndani yake alieleza hali ya wasichana maskini wasio na elimu wala kipaji kikubwa. Akasema kwamba mvulana huanza kazi kwa kutumwatumwa ofisini, akapanda kidogo kidogo hata akawa mkubwa. Mbona msichana mwenye akili asipewe nafasi ya kuanza vivyo hivyo? Naona hoja hii ni nzuri kwa sababu haikuomba upendeleo. Iliomba ngazi ile ile ambayo wavulana walikuwa wakipanda.

Mhariri akampa kazi kwa mshahara wa dola tano kwa wiki. Desturi ya siku zile ilikuwa mwanamke asiandike kwa jina lake halisi, kwa hiyo walimtafutia jina katika wimbo uliopendwa na watu. Jina katika wimbo ni Nelly Bly, lakini gazetini lilichapwa Nellie, na hivyo likabaki mpaka leo.

KUWEKWA PEMBENI

Watu wengi hudhani kwamba mlango ukifunguka kazi imekwisha. Sivyo. Mwanzoni Nellie Bly aliandika juu ya wasichana wa viwandani, saa zao za kazi na maisha yao. Lakini baada ya muda akasukumiwa mambo yaliyohesabiwa kuwa ya wanawake, ndiyo mitindo ya nguo, bustani za maua, na maonyesho ya sanaa. Mambo hayo si mabaya, na yupo anayeyaandika vizuri. Ubaya ni kupewa hayo tu kwa sababu wewe ni msichana, hata kama umeonyesha kwamba waweza mengine.

Basi alifanya nini? Alijitafutia kazi mwenyewe. Mapema mwaka 1886 alisafiri kwenda Meksiko akiwa na mama yake, akaandika barua ndefu kwa gazeti lake juu ya maisha ya watu wa huko. Alikaa karibu miezi sita. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Porfirio Díaz, mtawala asiyependa kusemwa. Nellie Bly alipoandika kupinga kufungwa kwa mwandishi mmoja wa huko, alitishiwa kukamatwa, naye akaona heri kuondoka. Aliporudi Pittsburgh akaandika wazi yale ambayo hakuweza kuyaandika akiwa kule. Hapa twajifunza jambo jingine la kazi hii, yaani kujua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema, bila kusahau uliyoyaona.

Lakini ofisini akarudishiwa maua na maonyesho. Mwaka 1887 akaacha kazi, akaenda New York.

MIEZI MINNE YA NJAA

Katika New York hakuna aliyemtaka. Alizunguka kwa muda wa miezi minne. Kwa bahati mbaya akapoteza mkoba wake uliokuwa na fedha zake. Milango ya wahariri ilikuwa na walinzi, na vijana waliotaka kazi walikuwa wengi.

Tazameni sasa akili yake. Alipata njia ya kuwaona wahariri wakubwa bila kuomba kazi. Aliwaendea kama mwandishi wa gazeti lake la zamani, akawauliza swali hili: mwaonaje wanawake katika kazi ya magazeti? Wao wakamkaribisha, wakamjibu. Wengine walisema mwanamke hawezi kutumwa mahakamani au mahali pa fujo, tena kwamba hutia chumvi katika habari. Yeye aliandika yote waliyosema, na habari hiyo ikachapwa. Hivyo alilipwa kwa kuandika sababu za kutopewa kazi!

Mwishowe alifika katika gazeti la New York World, mali ya Joseph Pulitzer, akakataa kuondoka mpaka amwone mhariri John Cockerill. Huyo hakumpa kiti wala meza. Alimpa mtihani. Alimwuliza kama aweza kujifanya mwenye wazimu, akaingizwa katika hospitali ya wanawake wenye wazimu katika kisiwa cha Blackwell, akakaa humo, akatoka na habari za kweli. Nellie Bly akasema aweza.

SIKU KUMI KISIWANI

Mwezi wa Septemba 1887 alijizoeza mbele ya kioo namna ya kukodoa macho. Kisha akaenda kupanga chumba katika nyumba ya wanawake wa kazi, akajiita Nellie Brown. Usiku alikataa kulala, akawa akisema maneno yasiyo na mpango. Wenzake waliogopa, ila mwanamke mmoja mwema alikesha naye. Asubuhi polisi wakaitwa, akapelekwa kwa hakimu, kisha kwa madaktari wa hospitali ya Bellevue. Madaktari wakahakikisha kwamba ni mwenye wazimu. Magazeti mengine, yasiyojua siri, yakaandika habari za msichana wa ajabu asiyejulikana anakotoka. Akapandishwa mashua, akavushwa hadi kisiwani.

Alipofika tu aliacha kujifanya. Alisema na kutenda kama siku zote. Lakini alieleza baadaye kwamba kadiri alivyosema kwa akili timamu, ndivyo walivyozidi kumwona mwenye wazimu. Hayo naona ndiyo mambo ya kutisha kuliko yote katika habari yake, maana mtu akikwisha pewa jina hilo, hata ukweli wake huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Aliona chakula kibovu na siagi iliyooza. Aliogeshwa kwa maji ya baridi kali, na maji hayo hayo yakatumika kwa mwingine na mwingine. Wanawake waliketi juu ya mabenchi magumu tangu alfajiri hata usiku, bila kazi, bila kitabu, bila kuruhusiwa kusema sana, na nguo zao zilikuwa nyepesi wakati wa baridi. Baadhi ya wauguzi waliwapiga na kuwadhihaki. Alisema kwamba mtu mzima mwenye akili akiwekwa hivyo kwa miezi miwili, atakuwa mwenye wazimu kweli.

Jambo moja lilinigusa zaidi. Humo aliwakuta wanawake waliotoka nchi nyingine, wasiojua Kiingereza. Mmoja alikuwa Mjerumani. Hakuna aliyemletea mkalimani aeleze habari zake, naye akafungiwa. Sisi tunaoishi katika nchi yenye lugha nyingi twaweza kuelewa. Mama aliyetoka mbali akifika katika ofisi au hospitali ambapo hakuna ajuaye lugha yake, huonekana mjinga au mkaidi, kumbe ana akili zake zote. Kama hakuna wa kusikiliza, nani atajua?

Baada ya siku kumi gazeti lilimtuma wakili kumtoa. Nellie Bly alifurahi, lakini aliandika pia uchungu wa kuwaacha wenzake. Yeye alikuwa na gazeti nje ya ukuta. Wao hawakuwa na mtu.

Makala yake yalichapwa tarehe 9 na 16 Oktoba 1887, kisha yakafanywa kitabu. Baraza la uchunguzi likaundwa, naye akaenda nalo kisiwani. Walipofika walikuta mahali pamefagiliwa, mkate umekuwa mzuri, na baadhi ya wanawake aliowataja hawapo tena. Hata hivyo baraza liliamini maneno yake. Fedha za kuwatunza wagonjwa zikaongezwa na jiji. Lakini si haki kusema kwamba fedha hizo zililetwa na yeye peke yake, maana jambo la kuziongeza lilikuwa likizungumzwa tangu kabla. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu waone sababu.

JE, NI HALALI KUDANGANYA?

Wasomaji wengine watauliza, na hata mimi nimejiuliza, kama ni halali kutafuta ukweli kwa uongo. Nellie Bly alimdanganya hakimu, aliwadanganya madaktari, na alimdanganya hata yule mwanamke aliyekesha naye kwa huruma. Huyo hakuwa na kosa lolote.

Kwa upande mmoja, kama angegonga mlango wa hospitali na kusema mimi ni mwandishi wa gazeti, angeonyeshwa vyumba vilivyofagiliwa, kama vile lile baraza lilivyoonyeshwa. Kwa upande mwingine, mwandishi akizoea kudanganya, msomaji atajuaje kwamba hadanganywi naye? Waandishi wengi wa siku hizi wana kanuni ambayo naiona ya haki. Kujificha hukubaliwa tu ikiwa jambo lenyewe ni kubwa kwa watu wote, na ikiwa njia za wazi zimeshindikana. Tena msomaji aelezwe jinsi habari ilivyopatikana. Nellie Bly alitimiza hilo la mwisho kwa ukamilifu, maana alieleza kila hila aliyotumia. Mimi naona katika habari ya kisiwa alikuwa na haki. Lakini hila si mahali pa kuanzia. Mtu anayeanza kazi na ajifunze kwanza kuuliza waziwazi.

HOFU YA WAZAZI

Nyumbani kwetu jambo hili si la vitabu tu. Mjomba wetu, ambaye ndiye anayelipa karo ya mdogo wangu, hakupendezwa na azimio lake. Alisema, "Mtoto wa kike atatembea usiku akiwauliza watu mambo yasiyomhusu. Ataolewa lini, na nani atamlinda?" Mimi simdharau mjomba. Maneno yake yana ukweli ndani yake. Kazi hii ina hatari, na hatari ya msichana huwa zaidi. Wako wanaume wanaoahidi habari ili wapate jambo jingine. Ziko ofisi ambamo msichana hutumwa achemshe chai wakati wenzake wanatumwa bungeni. Tena mtu anayeanza mara nyingi huwa hana mshahara wa mwezi, bali hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na nauli hujitolea mwenyewe.

Lakini nilimjibu mjomba kwa heshima kwamba hatari hizo zapaswa kupunguzwa na wakubwa, si kuwa sababu ya kumfungia mtoto ndani. Mhariri mwema hamtumi msichana peke yake mahali pasipojulikana. Humwuliza anakwenda wapi, anaonana na nani, na atarudi saa ngapi. Na kuna habari ambazo msichana huzipata kwa urahisi kuliko sisi wavulana. Mama katika wodi ya uzazi, au msichana aliyeachishwa shule, au mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, hatamwambia kijana kama mimi yote yaliyomo moyoni. Kama magazeti hayana wanawake, habari za nusu ya watu wa nchi zitaandikwa kwa kukisia. Mjomba hajakubali bado, lakini juzi aliuliza mshahara wa mhariri ni kiasi gani, nasi tumelichukua swali hilo kuwa dalili njema.

Wala mfano si wa Marekani peke yake. Barbara Kimenye, ambaye vitabu vyake vya Moses tumevisoma na kucheka, alikuwa pia mwandishi wa magazeti, na alifanya kazi katika gazeti la Uganda Nation.

MAMBO MATANO YA KUANZA NAYO

Kwa kifupi, yule anayetaka kazi hii, msichana au mvulana, na aanze na mambo haya.

Kwanza, asome gazeti kwa penseli. Katika kila habari atafute yale maswali sita, aone lipi halikujibiwa. Baada ya mwezi mmoja ataanza kuona mapengo ambayo zamani hakuyaona.

Pili, awe na daftari dogo, aandike majina kwa usahihi. Amwulize mtu mwenyewe jina lake huandikwaje. Jina likikosewa, mwenye jina hataamini tena neno lolote lililobaki.

Tatu, aandike juu ya mambo ya karibu, kama vile maji ya kisima cha kijiji, bei ya mahindi sokoni, au mashindano ya mpira. Nellie Bly alianza na maisha ya wasichana maskini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Nne, asichukue neno la simu au la intaneti kuwa habari kabla hajaulizia. Siku hizi uvumi hufika vijiji mia kabla mwenyewe hajavaa viatu. Kazi ya mwandishi si kuwashinda wavumi kwa mbio, bali kuwashinda kwa uhakika.

Tano, asiache masomo. Nellie Bly aliingia bila chuo kwa sababu hakuwa na la kufanya. Leo nafasi ya kusoma uandishi wa habari ipo, hata Makerere, na wahariri huwatafuta waliosoma. Lakini hati haitamsaidia asiyependa kuuliza.

YALIYOFUATA

Wengi hupenda kujua mwisho wa binti huyu. Mwaka 1888 aliwaambia wakubwa wake kwamba ataka kuzunguka dunia kwa muda mfupi kuliko zile siku themanini za hadithi ya Jules Verne. Walimjibu kwamba safari hiyo yafaa mwanamume, kwa kuwa mwanamke huhitaji mlinzi na masanduku mengi. Akawaambia wamtume huyo mwanamume, naye ataondoka siku ile ile kwa ajili ya gazeti jingine, amshinde. Basi wakamtuma yeye. Aliondoka tarehe 14 Novemba 1889 na mkoba mmoja wa mkononi, akapita Uingereza, Ufaransa, mfereji wa Suez, na Aden, bandari iliyojulikana sana na mabaharia wa pwani yetu, akaendelea Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani. Alirudi tarehe 25 Januari 1890, baada ya siku 72, saa 6 na dakika 11. Baadaye aliolewa, akaendesha kiwanda, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza akaandika habari kutoka Austria. Alifariki New York tarehe 27 Januari 1922.

Safari ya kuzunguka dunia ndiyo iliyompa sifa kubwa. Lakini mimi naona kwamba kwa anayeanza, somo kubwa limo katika mambo ya mwanzo, ile barua isiyo na nukta, zile ngazi alizopanda mwenyewe, na ile miezi minne ya kukataliwa ambayo aliigeuza kuwa habari.

Nawaomba ninyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, ambao wengine wenu mko katika ofisi za magazeti na redio, msichana akija na barua mkononi, msimtazame kwanza sarufi yake. Mwulizeni ameona nini. Kisha mpeni kazi ndogo na siku ya kuileta. Akiileta kwa wakati, na majina yakiwa sahihi, mpeni nyingine. Ngazi ni hiyo, nayo haina ghali.